Alama ya Kidole Kwenye Puti

Kabla hujaniita mwendawazimu, nikutajie sifa zangu, maana ndivyo nilivyozoeshwa na barua za maombi ya kazi. Nina digrii ya takwimu. Nina miaka minne kwenye kochi la mama. Na nina kidole gumba cha kulia chenye kovu la mshazari, nililolipata hosteli nikifungua kopo la samaki kwa kisu.

Likumbuke hilo kovu.

Jioni ile mama alinitoa kwenye kochi kwa ulimi.

"Profesa! Kioo cha chumba cha dada yako kimepasuka tangu juzi. Upepo unaingia, mtoto anakohoa. Au unasubiri nafasi itangazwe ndipo uombe?"

"Nitatuma CV," nilimjibu.

"Tuma miguu."

Dada alikuwa amekuja kujifungulia nyumbani kwa sababu shemeji yuko safari za kikazi. Wenzetu wana kazi hadi za kusafiri. Alimsubiri mtoto yule miaka saba. Akaja kabla ya wakati wake, mdogo kama mkate, na daktari akasema mapafu yake bado machanga mno: baridi hapana, upepo hapana, moshi hapana. Wiki mbili zilikuwa zimepita. Kila tukiamka, kitu cha kwanza kilikuwa kusimama mlangoni na kusikiliza kama anapumua.

Nikang'oa vipande vya kioo kilichopasuka, nikapima tundu. Sentimita arobaini na mbili kwa hamsini na saba. Nikatoka jua likizama.

Maduka mawili ya vifaa vya ujenzi yalikuwa yameshafunga. La tatu lilikuwa wazi, jembamba kama mlango, limebanwa kati ya saluni na duka la vyuma. Mtaa ule nimeupita miaka minne nikisambaza bahasha, na sikuwahi kuliona. Nikajiambia, ndiyo, mtu asiye na nyumba ataona duka la vioo la nini?

Ndani kulinuka mafuta ya kitani, yale ya kukandia puti, ule udongo laini wa kushikizia vioo. Na chini yake harufu nyingine, ya maziwa yaliyoanza kuchacha.

Vioo vilikuwa vimeegeshwa vyote vikitazama ukuta, kama wanafunzi walioadhibiwa. Kimoja tu kilinigeukia. Katikati yake kulikuwa na ukungu wa duara, kama mtu kakihemea sasa hivi. Nikaufuta kwa mkono wa shati.

Haukufutika.

"Acha hicho," sauti ilisema. "Kina mwenyewe."

Muuza vioo alikuwa mama wa makamo, sweta la kijivu, miwani imening'inia kifuani. Ungemkuta benki ungempisha kwenye foleni. Nikampa vipimo, naye akakilaza kioo mezani na kukikata. Krrrrr... tak!

"Nimetoa milimita tatu kila upande," alisema. "Kioo kikibana, kinapasuka. Kinachoingia kwenye fremu sharti kiwe kidogo kuliko fremu. Ni cha chumba cha nani?"

"Cha dada yangu. Ana kichanga."

Mkono wake ukasimama kidogo. Kidogo tu.

"Na wewe, mwanangu, unafanya kazi gani?"

"Sina kazi, mama. Nina digrii."

"Hiyo ni ugonjwa au ni dawa?"

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, sori.

"Kazi unaitaka?"

"Mama yangu, nimeomba hadi ya kulinda makaburi. Wakaniambia sina uzoefu."

"Na ya usiku?"

"Hata ya usiku. Hata usingizini, ilimradi niitwe mfanyakazi."

"Usingizini," alirudia, taratibu, kama mtu anayeandika.

Akatoa donge la puti, akalisogeza mbele yangu. "Weka kidole gumba hapa."

"Bila kusoma masharti?"

"Kusoma kumekusaidia nini mpaka leo?"

Niambie wewe ungejibu nini. Nikabonyeza. Alama yangu ikabaki pale, mistari yote, na kovu limekatiza katikati. Aliponikabidhi kioo ndipo nikaona ncha za vidole vyake. Zilikuwa nyororo kabisa, hazina mstari hata mmoja, kama vijiko.

Aliona ninavyotazama.

"Vioo vimevila," alisema. "Ndiyo maana natumia vya wengine. Ukishabandika, kila kona weka kidole chako. Fundi asiyeweka alama hajulikani."

Nilifika giza limeshaingia, nikawasha taa ya nje. Dirisha letu lina fremu moja ya mbao inayofunguka, na kwa ndani kuna nondo. Nikiwa nje, nilitandika puti nyembamba kwenye ukingo, nikakilaza kioo, nikakifunga kwa misumari midogo, kisha nikajaza puti na kuilaza mshazari kwa kisu. Kona nne, alama nne. Nikanawa kwa mafuta ya taa, kisha sabuni.

"Afadhali digrii imetoa kitu," mama alisema. Kwake hiyo ni tuzo.

Alfajiri niliamshwa na kelele za dada.

Kioo hakikuwepo.

Nje, kilikuwa kimeegeshwa ukutani, kizima, kisafi, hakina hata mkwaruzo. Puti ilikuwa imebanduliwa utepe mmoja mrefu, ikaviringishwa vizuri juu ya ukingo wa dirisha kama nyoka anayeota jua. Misumari minne ilikuwa imepangwa kando.

"Mwizi gani huyu," mama aliuliza, "anayeiba halafu anakuachia?"

"Si mwizi," nilisema. "Ni puti mbichi. Mafuta yamezidi, kioo kimeteleza."

"Kikateleza na kwenda kujiegesha? Hiyo ndiyo mliyosomea?"

Akageuka akatazama ukuta wa jirani. Jirani yetu tunamwita CCTV, kwa sababu hakuna kinachompita. Muda ule alikuwa anaanika nguo, alfajiri, nguo kavu.

"Kuna watu macho yao hayalali," mama alisema kwa sauti ya kumfikia mwenyewe.

"Na kuna watu madirisha yao hayafungi!" CCTV alijibu.

Niliwaacha. Nilikiinua kioo nikibandike tena, na hapo ndipo nikauona. Ukungu. Upande uliokuwa ukitazama chumbani, mdogo kama sarafu. Nikaufuta. Nikaufuta kwa maji. Nikaufuta kwa mafuta ya taa.

Nikabandika. Kona nne, alama nne.

Alfajiri ya pili, kioo nje. Puti imeviringishwa. Misumari minne.

Ukungu ulikuwa mkubwa kama sahani.

Na mtoto hakulia siku ile. Alikuwa macho, anatutazama, anafungua mdomo... lakini sauti haikutoka. Kifua kilipanda na kushuka haraka haraka. Mama alimpeleka zahanati asubuhi ileile. Wakapima, wakasema joto halijapanda, wakasema mrudisheni akizidiwa. Akizidiwa vipi? Hawakusema.

Nilishuku kila mtu. Nilimshuku CCTV. Nilimshuku shemeji, kwa nini safari yake haiishi? Nikamshuku hata mama, Mungu anisamehe, maana alikuwa na funguo zote. Ndivyo takwimu inavyofundisha: orodhesha wote, ondoa mmoja mmoja.

Sikujiorodhesha.

Dada ndiye aliyeniorodhesha. Jioni ya siku hiyo ya pili, nikimaliza kubandika, alinitazama mikono kupitia nondo.

"Kaka, jana ulinawa?"

"Nilinawa."

"Mbona leo asubuhi, kabla hujagusa kioo, kucha zako zilikuwa na puti?"

Nilitaka kumjibu kwa ukali, mdomo wangu huwa haukosi. Lakini nilikuwa nimeiona hiyo puti. Nilikuwa nimeona na udongo kwenye nyayo zangu, na mgongo ukiuma kama wa mtu aliyebeba mizigo usiku kucha. Nikadhani ni kochi.

Usiku ule dada alifunga komeo la mlango kwa ndani. Nami niliacha kochi nikalala stoo, nikamwomba mama anifungie kwa ufunguo kwa nje. Hakuniuliza. Hilo ndilo lililoniogopesha, mama kutouliza.

Alfajiri ya tatu hakukuwa na kelele.

Mama alinifungulia. Kitasa kilikuwa kimefungwa vilevile alivyokiacha. Tukaenda kwa dada, tukagonga, naye akatoa komeo. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, mtoto kifuani, uso hauna damu.

"Kipo," alinong'ona. "Kioo kipo."

Kilikuwepo. Kimeshika imara. Lakini puti ilikuwa upande wa ndani.

Fremu nzima ilikuwa imegeuzwa. Bawaba zimefunguliwa, zikafungwa upya, nje ikawa ndani. Kana kwamba chumba chetu ndicho uwanja wa nje, na nyumba ya mtu iko upande wa pili. Ukungu ulikuwa umejaa kioo chote, zimebaki pembe tu.

Kona nne. Alama nne. Katikati ya kila alama, kovu la mshazari.

"Mimi... sikuingia," nilisema. "Mama alinifungia. Wewe uliweka komeo."

"Nilikuona," dada alisema.

"Uliona nini?"

"Nilidhani naota. Ulikuwa umesimama hapo ulipo, umefumba macho. Una utepe wa kupimia." Akamkumbatia mtoto zaidi. "Ulikuwa unampima mtoto. Kichwani hadi miguuni. Bega hadi bega."

Mama akashika ukuta.

"Halafu," dada aliendelea, "ukasema, 'Toa milimita tatu kila upande.'"

Sikusubiri chai. Nilikwenda mbio hadi pale kati ya saluni na duka la vyuma. Mlango ulikuwa umefungwa, vumbi la miezi kwenye kufuli. Msusi wa saluni akaniambia, "Huyo hufungua magharibi. Wakati mwingine." Akanitazama vizuri. "Na wewe amekuajiri?"

"Kwa nini unauliza?"

Akarudi ndani, akawasha mashine ya kukaushia nywele. Hakukuwa na mteja.

Nikakaa kwenye ngazi siku nzima. Jua lilipozama nikasikia kufuli likifunguka nyuma yangu, kwa ndani.

"Leo umewahi kazini," muuza vioo alisema.

Juu ya meza kulikuwa na kioo kipya, kidogo. Vipimo vimeandikwa kwa kalamu ya nta pembeni. Arobaini na nane. Urefu wa mtoto wetu nilikuwa naujua, umeandikwa kwenye kadi ya kliniki: arobaini na nane na nusu, na milimita moja. Unajua kutoa? Toa.

"Naacha kazi," nilisema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

"Mapema hivi? Na wewe ni mzuri. Mkono wako haukosei." Alivaa miwani. "Kile cha dirishani kimejaa? Kilete kesho. Hiki kidogo ndicho utakachokwenda kukifunga."

"Kinafungwa wapi?"

Akakifuta kile kidogo kwa sweta.

"Naacha vipi?" niliuliza. "Nakuomba, mama. Niambie."

Akalitoa lile donge la puti. Lilikuwa limekauka, gumu kama jiwe, kidole changu kikiwa ndani yake. Kisha akanyoosha mikono yake chini ya taa, viganja juu. Vidole vyororo. Havina mstari.

"Mimi niliacha hivi," alisema.

Na akatabasamu kama mtu anayejua utani usiochekesha.

Nilikimbia. Nyumbani nilichukua nyundo kwenye sanduku la vifaa, nikamwambia mama wote waende chumbani kwake, wafunge. Nikakipiga kioo. Pigo la kwanza halikukitikisa. La pili pia. La tatu nililipiga kwenye kona, juu ya alama yangu mwenyewe.

Kikapasuka.

Kitu cha uvuguvugu kilinipita usoni, kama pumzi. Harufu ya maziwa, maziwa mabichi, ya leo.

Na kule chumbani kwa mama mtoto akalia. Siku mbili alikuwa hajalia. Akalia kwa hasira, kwa madai, kama mtu aliyecheleweshewa haki yake. Sijawahi kusikia hotuba nzuri kuliko ile.

Sikwenda kumwona. Nilichukua msasa, nikakaa jikoni, nikakisugua kidole gumba. Mistari kwanza. Kisha kovu. Mama alinikuta sinki limekuwa jekundu. Alikaa kando yangu, akanishika bega, hakuniita Profesa.

Dirisha lile tuliligongomea ubao. Mtoto sasa anaketi, anatupa vitu, anamzomea CCTV ukutani. Shemeji alirudi. Dada ananiruhusu kumbeba, mchana.

Ningeishia hapo kama si wiki iliyopita.

Niliitwa kazini. Haki ya Mungu, niliitwa! Ofisi yenye viyoyozi, karani mwenye tai, kiti kinachozunguka. Imebaki kusajili alama za vidole kwenye mashine tu. Nikaweka gumba la kulia. Mashine ikalia, nyekundu.

"Hilo lina jeraha la zamani," nilimwambia.

"Hamna shida, kaka. Weka kingine."

Nikaweka cha shahada. Nyekundu. Cha kati. Nyekundu. Mkono wa kushoto, ambao haujawahi kugusa msasa.

Nyekundu.

Karani akanishika mikono, akaigeuza chini ya taa. Vidole kumi, vyororo, kama vijiko. Vilikuwa na harufu hafifu ya mafuta ya kitani.

"Mbona havina mistari?" aliuliza. "Imekuwaje?"

Nilimjibu kabla sijafikiri, kwa upole, kwa sauti ambayo si yangu.

"Vioo vimevila."

Kisha nikajikuta nakitazama kidole gumba chake.