Plaizi za Mpini Mwekundu

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika asubuhi ile ya Jumamosi. Watu walibanana mbele ya kaunta, huyu anataka misumari, yule anadai rangi yake, na katikati ya vurumai hiyo alisimama kijana wa shati jeupe lililonyooka kwa pasi, tai imemkaba shingoni. Mbele yake palikuwa na meza ndogo iliyopangwa plaizi ambazo mdomo wake hupanuliwa na kufungwa kwa kitufe, zote za mpini mwekundu. Alikuwa wakala wa kampuni iliyozitengeneza.

Fundi bomba wa hospitali kuu alikuwa amefuata mipira ya koki tu. Alivaa suruali ya kazi yenye mifuko sita na kilemba cha manjano. Alipopita mezani aliokota plaizi moja, akaupanua mdomo wake, akaufunga, kisha akaisogeza sikioni.

"Unasikiliza nini, dada?" kijana akauliza.

"Kitufe. Kikiingia kwenye tundu lake kinatakiwa kilie. Hiki chako kinanong'ona."

"Labda kinaona haya mbele ya warembo."

Fundi alimtazama kuanzia tai hadi viatu. "Umewahi kufungua nati hata moja, Bwana Tai?"

"Mimi nauza tu."

"Basi hujui unachouza."

Alisema hivyo bila ubaya, na kijana hakukasirika. Alicheka, akaomba namba ya simu ili, kwa maneno yake, apate mwalimu. Fundi akampa. Mpaka anafika nyumbani hakuwa amejua kwa nini alimpa, na mipira ya koki aliyoifuata alikuwa ameisahau kaunta.

Kuanzia siku hiyo simu ililia kila saa saba mchana, wakati wa mapumziko. Bwana Tai aliuliza fundi amekula nini, ameziba wapi, nani kamuudhi. Jumapili walitembea hadi miguu ikauma. Mama wa fundi, aliyekuwa akishona sebuleni, hakukawia kugundua.

"Huyo anayekuchekesha kwenye simu anafanya kazi gani?"

"Anauza plaizi, mama."

"Afadhali. Angekuwa anauza maneno ningeogopa."

"Maneno nayo anauza."

Mama akakata uzi kwa meno, akatabasamu bila kuinua uso.

Mwezi wa tatu tangu wakutane, afisa ununuzi wa hospitali alimwita fundi ofisini. Mafundi wote walikuwa wanunuliwe plaizi mpya, na watengenezaji watatu walikuwa wameleta sampuli: za mpini mwekundu, za buluu na za kijani. Fundi azitumie siku kumi na tano, aandike ripoti, na wenzake wawili watie saini. Fundi alisema wazi kwamba wakala wa zile nyekundu anamfahamu.

"Kufahamiana si kosa," alijibu afisa. "Andika ulichokiona."

Siku hiyo hiyo akamweleza Bwana Tai.

"Usinipendelee, mpenzi," alisema kwa kicheko. "Zipime kama za wengine." Alicheka kwa sababu hakuwa na shaka hata chembe.

Fundi alizipeleka zote kwenye chumba cha kufulia, mahali ambapo nati huwa zimelowa sabuni mwaka mzima. Aliupanua na kuufunga mdomo wa kila moja mara mia. Aliziangusha kutoka juu ya ngazi. Aliingia nazo chini ya sinki, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine ukirekebisha plaizi gizani. Za kijani zilikuwa nyepesi, lakini zilibana nyama ya kiganja. Za buluu zilikuwa nzito na kitufe chake kigumu kikiingiwa mchanga, ila zikishika zimeshika. Nyekundu zilikuwa nzuri kushinda zote mkononi, mpini laini, uzito wa kiasi. Tatizo lilikuwa lile lile alilolisikia dukani. Ukikaza kwa nguvu, kitufe kiliruka tundu, na mdomo ukaachia. Kufikia siku ya kumi meno yalikuwa yamelika.

Alizijaribu tena siku tatu za ziada, akiomba kimoyomoyo kitufe kishike. Hakikushika. Akaandika alichokiona, wenzake wawili wakatia saini, akaifunga ripoti kwenye bahasha. Jioni yake alikaa na Bwana Tai kibarazani kwao, wakazungumza mengi, na la ripoti hakuligusa.

Kesho yake mchana simu ililia saa tisa, si saa saba.

"Nimesomewa ripoti yako," Bwana Tai alisema. "Mbele ya bosi wangu."

"Niliandika kweli."

"Sijasema umeandika uongo. Jana tumekaa saa mbili nzima. Nilikuwa nakwambia nitakavyofanya nikipata kazi ya kudumu, na wewe unaitikia tu."

"Ilikuwa siri ya ofisi."

"Ungesema jiandae. Neno moja. Sikujua kwamba unaweza kunificha kitu huku unanitazama usoni."

Simu ikakatwa.

Zikapita wiki tatu. Saa saba mchana ilipofika, fundi aliiweka simu ndani ya sanduku la vifaa ili asiitazame. Mama aliona, akaendelea kushona. Siku moja tu ndipo aliposema, "Kama umekosea, nenda. Kama hujakosea, nenda vilevile, nimechoka kukuona unakoroga chai isiyo na sukari."

Hakuwa amekwenda bado pale Jumapili asubuhi simu ilipolia.

"Fundi." Sauti ilikuwa ya mtu anayehema, na nyuma yake maji yalinguruma. "Niko kwa dada yangu. Nimeharibu jiko lake."

"Koki kuu iko wapi?"

"Sijui koki kuu ndiyo ipi."

"Toka nje. Fuata ukuta mpaka uone kifuniko karibu na mita. Umeona? Zungusha kulia. Taratibu."

Mngurumo ukafifia, ukakoma.

"Nielekeze nyumba," fundi akasema.

Alimkuta amekaa sakafuni jikoni, suruali imelowa mpaka magotini, bila tai, vidole vya mkono wa kulia vimechubuka. Dada yake alikuwa akikamua tambara, akamkaribisha fundi kwa heshima zote, kisha akajikumbusha kwamba ana nguo za kuanika.

Bwana Tai alimnyooshea fundi plaizi nyekundu. "Bomba lilikuwa linadondosha kidogo. Nikasema nitaonyesha kwamba ulikosea. Nimekaza, ikaachia, ngumi yangu ikaenda ukutani na bomba likatoka zima. Nimejaribu mara nane."

"Mara nane?"

"Mimi mbishi."

Fundi akachutama kando yake, akampa ile ya buluu kutoka kwenye sanduku lake. "Jaribu hii. Nati ile ile. Usiiogope."

Alikaza. Mdomo ukang'ang'ania, nati ikazunguka. Akairudia nyekundu, ikateleza. Akaitazama mikononi kama mtu aliyeletewa habari mbaya za ndugu yake.

"Nimeuza hizi miaka miwili," alisema polepole. "Nisamehe."

"Na mimi unisamehe. Siri ya ofisi haikunizuia kukwambia ujiandae. Niliogopa kuuona uso wako ukibadilika."

"Sasa umeuona."

"Umelowa tu. Haujabadilika."

Walimaliza kazi pamoja, Bwana Tai akishika tochi, mara nyingi akimulika mahali pasipohusika.

Wiki iliyofuata Bwana Tai aliwaandikia watengenezaji barua, akieleza kila kilichotokea jikoni kwa dada yake. Bosi alinuna, akamhamishia eneo lisilo na wateja. Lakini baada ya miezi mitano kiwanda kilileta plaizi mpya, kitufe kimebadilishwa na meno yameongezwa ugumu, na ni yeye aliyetakiwa kuzipeleka hospitali.

Jumapili kabla ya siku hiyo, wakitembea, alisimama ghafla barabarani.

"Nataka tuoane."

Fundi alitembea hatua mbili zaidi kabla ya kugeuka. "Nipe mpaka Jumatano."

"Kwa nini Jumatano?"

"Jambo kubwa silijibu barabarani."

Jumatano asubuhi fundi alimkuta Bwana Tai ameketi mbele ya afisa ununuzi, sanduku jipya mezani. Afisa alilisukuma upande wa fundi. "Utaratibu ule ule. Siku kumi na tano."

Fundi akalirudisha. "Mpe fundi mwingine, mzee. Mimi siwezi kupima hizi."

"Ulishazipima."

"Wakati ule tulikuwa tunafahamiana. Sasa kuna uhusiano."

Afisa alichukua kalamu. "Lazima nijaze sababu. Uhusiano gani?"

"Andika mchumba."

Bwana Tai alikuwa amejiandaa kuzungumza nusu saa kuhusu kitufe kipya. Alifungua mdomo, akaufunga, akafungua tena. Afisa alimsubiri kwa adabu, akaona mambo hayaendi, akamwambia atoke kwanza na mwenzake wakanywe chai, plaizi hazina pa kwenda.