Amepata Mahali

Foleni ya posta ya Thika, Ijumaa ile ya Januari 1993, ilikuwa imemwagika hadi barabarani, na kila aliyekuwa ndani yake alijiona ana haraka kuliko mwenzake. Nadira alikuwa katikati, mtandio wa zambarau begani, gauni la maua ya manjano, bahasha za wateja kifuani. Nyuma yake alisimama kijana mrefu mwenye koti la kodrai lililompwaya mabegani na faili iliyofungwa kwa karatasi ya nailoni.

"Dada, samahani," kijana akasema. "Hiyo wino kwa vidole vyote ni ya nini? Sisi wengine wakati wa kura tulipakwa kidole kimoja tu."

Nadira akageuka, tayari kumpa lake, akakuta uso unaocheka bila ubaya.

"Hii ni ya ribon ya taipureta. Mimi ni taipisti."

"Basi nimepata mtu. Nina kazi mingi ya kutaipiwa."

"Kila mtu ako na kazi. Ofisi ni hapo juu ya duka ya uzi, mlango ya kijani. Usikuje saa ya lunch."

Jumatatu alikuja saa ya lunch kamili, na mandazi mawili kwenye gazeti.

Aliitwa Ayub, Mwislamu wa Mumias, na ofisi yake ilikuwa chumba kimoja Ruiru. Kazi yake ilikuwa kuandika maelezo ya watu walioonewa: aliyekatwa vidole na mashine kiwandani kisha akafukuzwa, aliyefungiwa seli wiki nzima bila kushtakiwa. Nadira aliwapigia chapa maelezo hayo kwa taipureta ya zamani ambayo herufi yake ya A ilikwama kila mara, na hebu fikiria mwenyewe kuandika Kiswahili bila A. Ayub alikuwa na utaratibu mmoja asiouacha hata mvua ikinyesha ndani. Maelezo yakishapigwa chapa, alimsomea mwenye maelezo neno kwa neno.

"Asikie yenye amesema," alimwambia Nadira. "Akisema ndiyo, ndio aweke sahihi. Mtu asihukumiwe kwa maneno ya kubebwa na mwingine."

Nadira alimpenda kwa hilo, na kwa koti lile, na kwa jinsi alivyopanda ngazi mbili mbili. Ngazi zilikuwa kumi na mbili. Chini yake kulikuwa na duka la uzi na vitambaa la Magdalene, mama wa Kikuyu ambaye jengo zima lilimwita Mama Gerishon. Simu ya jengo ilikuwa ni yake tu, na ujumbe wa kila mtu ulipitia kinywani mwake. Kinywa hicho kilikuwa na L nyingi kuliko kawaida.

"Nadila, kijana wa Luilu ameacha balua," angepaza sauti, na Nadira na Ayub wangecheka huko juu hadi wafute machozi.

Machi, Ayub alileta fomu. Chuo kikuu kimoja cha Amerika kilikuwa kinawachukua watetezi wa haki za binadamu, mwaka mmoja wa masomo kwa ufadhili kamili. Nadira alipiga chapa kila ukurasa, akiinua A kwa pini. Akafika kwenye mstari wa jina la mke.

"Hapa tuweke nini?"

Ayub aliutazama mstari ule muda mrefu. "Hapo acha kwanza," akasema.

Nadira akaacha. Nafasi ile nyeupe ilimkaa moyoni, ila kwa nje akafanya utani kama kawaida yake.

"Ungekuwa na akili ungeniuliza mahari yangu ni nini."

"Haya, ni nini?"

"Taipureta. Yangu mwenyewe, yenye A haikwami. Ukileta hiyo, nipe siku moja tu nifunge mizigo."

"Siku moja ni mingi," Ayub akasema, na wote wawili wakacheka. Nadira aliyasahau maneno yake siku hiyo hiyo. Ayub hakuyasahau.

Julai, Ayub akapotea siku nne bila neno. Siku ya tano, Alhamisi, Mama Gerishon akapanda ngazi mwenyewe akitweta, futikamba bado shingoni.

"Nadila, Ayub amepiga simu kutoka kwao Mumias. Laini ilikuwa inakatika. Amesema nikwambie amepata mahali."

"Mahali?"

"Ee, mahali. Anauliza kama unakubali. Atapiga tena kesho saa sita achukue jibu."

Nadira akaiweka pini mezani. Kwa hiyo chuo kimemkubali. Amepata mahali pake Amerika, na anamtumia mwenye duka kumuuliza kama anakubali aende, kana kwamba anaomba ruhusa kwa mwajiri. Miezi yote ile, mandazi yote yale, na la ndoa hakuna. Akaukumbuka mstari mweupe wa fomu, na kiburi kikampanda.

"Mwambie mahali ni pake, si pangu. Apachukue, aende salama."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu, Mama Gerishon."

Ijumaa saa sita simu ililia huko chini. Nadira aliisikia vizuri. Alibaki kitini, akiinua A kwa pini na kuishusha, hadi mlio ukakoma na sauti ya Mama Gerishon ikaanza na kuisha. Jumanne aliletewa barua ambayo Ayub aliiacha dukani. "Nimepata jibu lako. Sikulaumu. Nakutakia heri. Ayub." Nadira alilia juu ya karatasi za watu, akajiuliza ni mwanamume gani huyu anayeondoka mwenyewe halafu anasema hamlaumu mtu.

Hakukuwa na barua nyingine. Mwaka ukapita, na wa pili, na Tahir, muuza spea aliyekuwa akimsalimia kwa adabu tangu zamani, akatuma wazee. Nadira akakubali. Mahari wajomba walipanga wenyewe, dhahabu, na yeye hakuulizwa. Tahir alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililofanya mambo kuwa magumu zaidi baadaye.

Maana mwaka 1996, saa ya lunch kamili, mlango wa kijani ulifunguliwa na Ayub akaingia. Ndevu zilikuwa na mvi mbili tatu, koti lilikuwa jipya na lilimkaa sawasawa. Mkono mmoja alishika karatasi, mwingine sanduku zito.

"Habari yako, Nadira."

"Nzuri. Karibu." Sauti yake ilitoka ndogo. "Nilisikia ulirudi."

"Nilirudi. Nilisikia umeolewa, nikaona nisisumbue." Akaweka karatasi mezani. "Hii ni fomu ya Benta, tunafanya naye kazi Ruiru. Anaomba ufadhili ule ule. Nimempea nakala ya yangu aone vile hujazwa. Na hii ilikuwa stoo. Tunahama, na iko na jina lako. Sikujua niipeleke wapi."

Nadira akafungua sanduku. Taipureta ya kijivu, mpya, ribon bado kwenye karatasi yake.

"Ni nini hii?"

"Mahari yako," Ayub akasema. "Yenye ulikataa."

"Nilikataa lini?"

"Nadira, tusianze hayo. Nilipata barua ya chuo, wakasema naweza kukuja na mke, wakatuma fomu ingine nijaze jina lake kabla wiki iishe. Nikanunua hii, nikaenda nyumbani kuambia wazee. Nikapiga simu. Habari ya barua nilitaka kukupea kwa mdomo wangu, kwa hivyo nikasema tu nimepata mahari, kama unakubali. Ukajibu."

"Nilijibu nini? Niambie vile uliambiwa."

"'Anasema mahali ni yako, si yake. Uende salama.' Nikajua umesikia habari ya barua, na safari huitaki, na mimi pia hunitaki."

Nadira alikuwa amesema mahali ni pake. Mama Gerishon, kama nusu ya Thika, alisema yake kwa kila kitu, na kwa simu inayokatika hakuna aliyebaki na kitu cha kumwonyesha kosa. Kabla hajasema neno, sauti ile ile ikapanda kutoka dukani, ikimwambia mteja: "Hiyo balua ya Luilu usisahau."

Wote wawili waliisikia. Ayub akakaa polepole kwenye benchi la wateja.

"Nilisikia mahali," Nadira akasema. "Ya chuo."

"Watu nawasomea maelezo yao neno kwa neno," Ayub akasema. "Wewe nilikuhukumu kwa neno la kubebwa."

"Kwa nini hukupanda? Siku ya kuleta barua."

"Nilisimama hapo chini dakika kumi. Kwa nini hukushuka? Siku ya simu."

Nadira alibonyeza A ya mashine ile. Ilipanda ikashuka bila kukwama, na hapo machozi yakamtoka waziwazi. Akafunga kifuniko.

"Siwezi kuichukua, Ayub. Tahir akiniuliza ni nini, nitamwambia nini? Hajanikosea."

"Najua." Akalibeba sanduku, akasimama mlangoni. "Jina lako niliandika, unajua. Pale kwa mstari. Ikabidi nifute."

Akashuka ngazi moja moja. Nadira alizihesabu zote.

Alipotulia alichukua fomu ya Benta, akaipiga chapa ukurasa kwa ukurasa. Kwenye mstari wa jina la mume palikuwa peupe. Akasimamisha mikono, kisha akashuka hadi dukani.

"Mama Gerishon, naomba simu ya Ruiru."

"Kaa tu, mama. Uko na kazi. Niambie, nitamwambia."

"Hapana," Nadira akasema, akazungusha namba mwenyewe na kungoja hadi akasikia sauti ya msichana upande wa pili. "Benta? Mimi ni taipisti wa Thika. Hapa kwa jina la mume umeacha wazi. Nataka nikusomee yenye umeandika, pole pole. Na kama kuna mtu wa kuweka hapo, leo shika gari uende umuulize wewe mwenyewe, mkiangaliana. Nitakungoja."