Ikungi, Rudia Ulichosikia

Stendi ya Singida ilikuwa imejaa vumbi na kelele za makondakta, na katikati ya hayo yote Theodora alikuwa akigombana na kondakta mmoja juu ya kifurushi kidogo. Alivaa gauni la kitenge cha bluu na sweta jeusi, kwa kuwa Mei ya Singida ina baridi yake, na kilemba chake kilishaanza kulegea. Vifurushi vya Ikungi, Sepuka na Ilongero vilikwishapata gari. Cha Kilimatinde ndicho kondakta alichokikataa. Basi lake, alisema, linaishia Manyoni, na yeye hakuajiriwa kupandisha mizigo ya watu mlimani.

"Nipe mimi. Nakwenda huko huko," sauti ilisema nyuma yake.

Theodora aligeuka. Alimwona kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono, suruali ya kadeti, na betri ya gari ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

"Samahani kaka. Mali ya kampuni siwapi watu nisiowajua."

"Kilimatinde inakusikia vizuri, mwalimu. Ova."

Sauti hiyo Theodora aliijua. Kwa miezi miwili ilikuwa ikimjia kila Alhamisi saa nne asubuhi kwenye simu ya upepo, bila sura. Sasa sura ilikuwepo, tena inacheka, na tuseme ukweli, hakutegemea kwamba ingekuwa nzuri kiasi kile.

"Kumbe wewe ndiye Anselm."

"Ndiye. Nimefuata betri ya redio. Na wewe ndiye unayetulaza usingizi."

Basi la Manyoni lilikuwa bado halijajaa, kwa hiyo walikaa kwenye mgahawa wa pembeni wakaagiza kuku na chai. Ilikuwa mwaka wa tisini na sita. Biashara ilikwishaachiwa huru, ushirika haukuwa tena mnunuzi wa pekee, na kampuni iliyomwajiri Theodora ilikuwa moja ya zile zilizojitokeza kununua alizeti vijijini. Kila kituo kilikuwa na karani na simu ya upepo, ile ambayo ukibonyeza unasema, ukimaliza unatamka ova, ukiachia unasikiliza, na unachosema wanakisikia wote. Theodora ndiye aliyepewa kazi ya kuwafundisha makarani kwa simu hiyo, pale pale kazini kwao, pasipo kuwasafirisha kuja mjini. Darasa la kwanza alisoma kurasa kumi na mbili, saa nzima. Alipouliza kama kuna swali, alijibiwa na mikwaruzo ya redio.

Anselm hakumficha kitu. Alimwambia saa nzima ni ndefu mno, nusu saa inatosha. Alimwambia achukue jambo moja tu kila wiki, na aulize kwa majina, kwa sababu mtu anayejua kwamba ataitwa hasinzii. Theodora alitaka kukasirika, akashindwa. Alimfungulia kifurushi: vifuko vitatu vya alizeti, kavu, mbichi na iliyovunda, ili wakati yeye anasema, kila karani awe na kitu cha kushika, kunusa na kung'ata.

Anselm aling'ata mbegu moja, akasikiliza inavyolia menoni. "Hii kavu. Mwalimu wa namna hii atafundisha hata mvivu."

"Hata wewe?"

"Mimi nimeanza leo."

Kuanzia hapo darasa lilibadilika. Theodora alifanya jaribio na kituo kimoja kila Jumatano ili Alhamisi asibabaike, na aliweka kanuni moja ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja: haizimwi redio mpaka kila kituo kirudie kwa maneno yake kile kilichosikia. Alizeti zilianza kuingia ghalani zikiwa kavu. Na jioni saa kumi, baada ya taarifa za magunia, Kilimatinde ikawa na mazoea ya kuulizia hali ya hewa ya Singida. Singida ilijibu kwamba baridi ni kali na hakuna hata wa kumletea mtu sweta. Simeoni wa Sepuka alikohoa hewani, na Clement wa Ilongero, ambaye ni jirani wa baba yake Theodora, alijifanya hasikii. Kila Jumamosi ya pili Anselm alikuja mjini, wakatembea kando ya Ziwa Kindai, naye Theodora akarudi chumbani anacheka peke yake. Alikuwa amependa, na alijua.

Julai, meneja wao Bwana Mazengo alimwita. Kampuni ilikuwa inafungua vituo Dodoma, na alimtaka akaanzishe darasa huko. Ajibu kufikia Alhamisi. Theodora alifurahi, kisha akaogopa. Anselm hakuwahi kutamka neno la uchumba, na Jumamosi yake ilikuwa mbali.

Jumatatu jioni mawimbi yalikuwa mabaya. Kilimatinde haikusikika mjini, ila Ikungi, iliyo katikati, ilisikia pande zote mbili. Karani wa Ikungi alikuwa Mama Dorkas, mtu mzima, mzee wa kanisa. Theodora akabonyeza.

"Ikungi, mfikishie Kilimatinde. Nimeitwa Dodoma, natakiwa kujibu Alhamisi. Muulize kama ana neno la kuniambia kabla sijajibu. Ova."

Alisikia Ikungi ikiiita Kilimatinde, kisha ikamrudia yeye.

"Kilimatinde anasema amesikia. Ova."

"Amesikia tu, mama?"

"Amesikia, mwanangu. Ova."

Theodora alizima redio akaenda ghalani, akalia nyuma ya magunia. Mwanamume anaambiwa mpenzi wake anaondoka, anasema amesikia. Aliona ameichezea miezi miwili bure, na aibu ilimuuma kuliko hasira.

Kesho yake ikaja habari nyingine. Lundo la alizeti la Sepuka lilikuwa limepata joto na kuvunda. Simeoni aliapa kwamba maagizo aliyopokezwa kupitia Ikungi yalikuwa afunike turubai, naye alifunika. Bwana Mazengo alisema Alhamisi angekaa na kusikiliza mwenyewe. Kama redio haiwezi kufikisha agizo moja Sepuka, darasa lifungwe, na ya Dodoma isahauliwe.

Kwa hiyo Alhamisi jambo la siku lilikuwa moja: namna ya kupokeza ujumbe. Theodora alivaa gauni lile lile la bluu, macho mazito, sauti imetulia. Asubuhi ile vituo vyote vilisikika. Alieleza kwamba anayepokeza ujumbe hana ruhusa ya kuupunguza wala kuutia sukari. Kisha aliomba kila kituo kitaje ujumbe ambao kiliwahi kuufikisha nusu.

"Ikungi hapa," alisema Mama Dorkas. "Ya Sepuka ni mimi. Ulisema wasifunike mpaka alizeti ipoe. Ulipokwishazima redio nikapeleka kwamba wafunike, hayo mengine nikaona ni maelezo. Nisamehe. Ova."

"Asante kwa ukweli, mama. Ipo nyingine? Ova."

Mama Dorkas alirudi hewani.

"Ipo ya Jumatatu. Kilimatinde alisema maneno mengi. Nikaona mambo kama yale hayasemwi hewani, Clement anasikiliza na baba yako ni jirani yake. Nilipanga nikuletee kwa mdomo jana, nikakosa gari. Na yeye, ulipozima redio, nilimwambia wewe umesikia. Ova."

Theodora alimgeukia Bwana Mazengo. Mzee alikuwa akiangalia kofia yake.

"Kanuni ni yako," alisema polepole. "Endelea."

"Ikungi, rudia ulichosikia. Usipunguze. Ova."

"Alisema: mwambie Theo aende Dodoma, kazi hiyo hakuna anayeiweza kama yeye. Ila kabla hajaondoka, nije na wazee wangu Ilongero kwa baba yake, nimchumbie. Nitamfuata, hata kama ni kuomba kupima alizeti Dodoma. Halafu akasema nampenda, mara mbili. Hapo ndipo nilipoogopa. Ova."

Machozi yalimtoka Theodora mbele ya meneja wake, naye hakuyafuta.

"Kilimatinde," alisema, "ni kweli? Ova."

"Ni kweli yote," alijibu Anselm. "Ila nilisema mara tatu. Ova."

"Singida," Mama Dorkas aliingilia, "na wewe rudia. Ova."

Theodora alibonyeza tena. Sauti yake haikubabaika.

"Singida imesikia. Nakwenda Dodoma. Unakuja Ilongero na wazee, Jumamosi, baba atakuwepo. Na unanipenda, mara tatu. Nami nakupenda, Anselm, hiyo ipokee mwenyewe. Ova."

Clement alisema Ilongero imesikia, na kwamba baba yake Theodora angefikishiwa ujumbe kama ulivyo. Simeoni alikohoa. Bwana Mazengo alitoa kalamu akaandika kwenye daftari lake kwamba vituo vinne vimeitika na darasa liendelee, kisha akamwonyesha Theodora saa ya ukutani. Dakika ya thelathini na moja ilikuwa imepita. Theodora aliwaaga wote kwa majina, akazima redio.