Daftari Nililokataa Kulifungua

Wasomaji wenzangu, nina miaka sitini na saba, na haya ninayoyaandika hata mke wangu hajawahi kuyasikia.

Katanga ilipojitenga na Kongo nilikuwa karani hapa Lubumbashi, enzi zile Elisabethville. Kazi yangu ilikuwa dirishani, kuwajibu watu waliotafuta ndugu zao waliokamatwa. Wengi walikuwa Wakasai, watu wa Kasai, ambao serikali ya Katanga iliwaona kama maadui. Mke wangu naye ni Mkasai, lakini ofisini nililificha hilo... Kila aliyenitazama sana nilimshuku. Amejua? Nani kamwambia?

Daftari la wafungwa lililetwa kutoka gerezani kila Jumatatu, nami nililifungia kwenye droo. Shefu, mkubwa wangu wa kazi, alikuwa amenionya mapema: "Ile kitabu usifungule. Kama hauone, hauyue. Kama hauyue, haudanganye muntu." Yaani nisipoona sitajua, na nisipojua sitakuwa nimemdanganya mtu.

Kisha wakamkamata shemeji yangu Alphonse, mwalimu, mgonjwa wa pumu.

Mama mkwe alikuja dirishani, vidonge vya mwanawe amevifunga kwenye pembe ya kitenge. Alisimama upande, uso ameugeuza, kwa heshima ya ukwe. "Baba, mutoto yangu iko wapi?"

Shefu alikuwa nyuma yangu. Nikamjibu kama mtu nisiyemjua: "Siyue, mama." Akaondoka na vidonge vyake. Kwetu mama mkwe habishani na mume wa binti yake, na mimi nilijificha ndani ya heshima ile.

Alikuja mara nne. Nyumbani mke wangu aliniuliza, nikasema ofisi haina habari. Na kweli sikuwa na habari... nilihakikisha sina!

Wiki ya tano shefu hakuja kazini. Nikafungua droo, kisha daftari. Jina la Alphonse lilikuwemo tangu wiki ya kwanza. Pembeni mtu alikuwa ameandika: "Anaumwa pumu. Jamaa walete dawa." Chini yake, kwa wino mwekundu: amefariki. Kwa tarehe iliyoandikwa hapo, zilikuwa zimepita siku tatu tu.

Habari ya kifo niliipeleka nyumbani. Yale maneno ya pembeni niliyaficha. Mama mkwe alinishukuru kwa kuhangaika, na aliendelea kunishukuru hadi alipokufa. Kila mara niliinamisha uso, naye akadhani ni adabu.

Wewe unayekaa dirishani leo, nakuomba, lifungue daftari hata kama mkubwa wako amekukataza. Na wewe uliye nje, ukiambiwa hakuna habari, usirudi nyumbani kwanza. Mwulize karani kama ametazama. Mama mkwe wangu hangeweza kuniuliza hivyo, na mimi nililijua hilo.