Sauti ya Syombua Sokoni Matiliku

Syombua alikuwa na muhogo mdomoni. Kalunde aliona kwa macho yake, maana ndiye aliyemkatia mwanawe kipande hicho, na mtoto alikuwa ameketi juu ya debe nyuma ya duka, mashavu yamejaa, akitafuna. Wakati huohuo, juu ya paa la mabati, spika ikasema kwa sauti ya Syombua, "Mutunga, nakuona. Mke amejifungua salama, hongera. Karibu duka la Mbuvi."

Sokoni watu wakacheka, wakampiga Mutunga mgongoni. Mtoto akaacha kutafuna.

"Mwaitu," alimwita mama yake kwa Kikamba, akinong'ona, "si mimi."

Maiki ilikuwa imelala kwenye kaunta, hakuna aliyeishika. Mvua ilikuwa imekataa misimu miwili, lakini hewa ya duka zima ilinukia udongo uliotoka kunyeshewa.

Spika hiyo ilikuwa wazo la Mbuvi, mumewe Kalunde, mwanamume ambaye hakulala vizuri akijua kuna mtu Matiliku asiyelijua jina lake. Miaka hiyo ya themanini maduka yalikuwa mengi na yote yaliuza vitu vilevile: unga, sabuni, leso, mafuta ya taa. Mbuvi akaona kwamba bidhaa si kitu, kitu ni kutajwa. Alinunua spika na betri ya gari, akamkalisha mbele ya maiki binti yake aliyekuwa akiongoza kwaya ya watoto kanisani. Kazi ya Syombua haikuwa kutangaza sabuni. Aliwasalimia wapita njia kwa majina na kutoa habari zao: nani ng'ombe wake amezaa, nani amerudi kutoka Mombasa, nani amepaka nyumba rangi. Watu ni watu. Walitoka mbali, wengine hadi Malili, kuja kusikia wanatajwa, na aliyetajwa aliona haya kuondoka bila kununua hata kiberiti. Asiyetajwa alirudi siku ya soko iliyofuata na habari yake mkononi, na kama hakuwa nayo, aliitunga njiani.

Kisha Mbuvi akaongeza maneno yake mwenyewe ya kufungia kila soko, kwa mbwembwe: "Na wewe unayenisikia, hata kama sikuoni, duka hili ni lako. Njoo ukae."

Rashid, mwenye hoteli ya jirani, alimwonya. "Mzee Mbuvi, usialike mtu humuoni. Sisi hata hodi ikipigwa, hatusemi karibu mpaka tujue ni nani."

Mbuvi alikuwa mzee wa kanisa, akamcheka. Majini ni ya watu wa pwani, alisema, huku kwetu hakuna. Kana kwamba majini huuliza mpaka wa wilaya kabla ya kuvuka.

Baada ya siku ya muhogo, spika haikungoja tena siku ya soko. Kalunde akichambua maharagwe mlangoni aliisikia ikikwaruza kidogo, kama mtu anayesafisha koo, halafu ile harufu ya mvua ikaja, na nguzo ya vumbi ikasimama mbele ya duka bila kwenda mbele wala nyuma, huku sauti tamu ya mwanawe ikimtaja mjane aliyekuwa akivuka barabara, na mwanamume aliyetoka kwake alfajiri, na mlango alioutumia, na jinsi mjane alivyolia alipobaki peke yake, mambo ambayo hakuna mtu aliyeyaleta dukani wala mtoto yeyote angeyajua. Mjane alijifunika uso kwa leso. Nanyi mtadhani watu walikimbia. Walijaa. Walinunua unga na kungoja siri ya mwingine, kila mmoja akiomba tu isiwe yake.

Na kadiri spika ilivyosema, ndivyo Syombua alivyopungukiwa. Kwanza alishindwa kupandisha nyimbo kanisani. Kisha sauti ikaanza kukwaruza. Mwishowe, ili kuomba maji, ilimbidi alivute sikio la mama yake hadi mdomoni.

Kalunde alichomoa waya za betri kwa mikono yake, akaitupa betri nyuma ya choo. Spika ikamshukuru, kwa jina.

"Baba Syombua, hiyo kitu inakula mtoto," alimwambia mumewe.

"Ni vumbi tu. Mpatie asali."

"Nimetoa betri, na bado inaongea."

Mbuvi alitazama chini. "Duka halijawahi kujaa hivi," alisema polepole, na Kalunde akamchukia tangu hapo.

Rashid ndiye aliyemleta shangazi yake kutoka Kitui mjini, Bi Mwanamisi, mwanamke aliyejua kusoma visomo na kutoa majini. Alifika kizingitini, akavuta pumzi, akakataa kuingia.

"Bi Mwanamisi, tafadhali umtoe," Kalunde alisema.

"Mwanangu, huyu hakuingia kwa wizi. Kaalikwa, mbele za watu. Mimi siwezi kumfukuza mgeni wa mwenzangu." Alimgeukia Mbuvi. "Wewe ndiwe utakayesimama kwenye chombo hicho, mbele ya watu walewale, umwambie duka si lake, aondoke. Kisha ufunge, usiuze humu tena. Sauti ya mtoto itarudi."

Mbuvi alimwangalia Syombua. Machozi yalimtoka, na yalikuwa ya kweli. "Nitasema," aliapa.

Kabla ya kuondoka, Bi Mwanamisi alimshika Kalunde mkono. "Nawe, sauti hiyo ikikuita, usiitike. Ukiitika, umemkaribisha kwako."

Siku ya soko watu walifika hadi barabarani. Mbuvi akaishika maiki. Kalunde alisimama kando yake na mkono wa mwanawe ndani ya mkono wake.

"Watu wangu," Mbuvi alianza. "Leo nina neno."

Harufu ya mvua ikashuka. Na spika, taratibu, kwa sauti ya Syombua, ikasema, "Mbuvi wa Matiliku, nakuona. Nani hapa hakujui?"

Umati ukapiga makofi. Kalunde aliona mabega ya mumewe yakinyooka, akaona tabasamu likija, na akajua kabla neno halijatoka.

"Karibuni," alisema Mbuvi. "Duka ni lenu. Na wewe nisiyekuona, kaa."

Syombua alifungua kinywa apige kelele. Kilichotoka ni vumbi kidogo.

Kalunde alimchukua mtoto siku hiyohiyo, akarudi kwa wazazi wake Kanyangi, ambako hakukuwa na duka karibu wala spika. Syombua alikua, akachunga mbuzi, akacheka bila mlio. Mbuvi alifungua duka la pili. Kalunde hakumtaja tena, lakini kila alipolala aliutafuta wimbo mmoja wa mwanawe kichwani na kuukosa.

Alasiri moja walikuwa wakichuma mbaazi. Upepo ukatulia, na shamba likanukia mvua. Kalunde aliinua macho. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua, bila wingu. Syombua alikuwa mbele yake, midomo imefungwa, ameganda, akitikisa kichwa kwa nguvu: usiitike.

Kutoka ukingoni mwa shamba, ikiwa safi kama siku za kwaya, sauti ikasema, "Mwaitu."

Alikuwa ameikosa miaka mingi mno. Kapu likamponyoka.

"Niko hapa, mwanangu," aliitika. "Njoo."