Sapatu za Marehemu

Maiti ilikuwa moja, lakini vioo vya ukumbi viliifanya ishirini. Inspekta Bogna Wilczek alipoingia akajiona naye mara ishirini, kila kona Bogna na maiti, akatamani arudi zake nje kwenye theluji.

Aliyeuawa alikuwa Ksawery Tarło, naibu mkurugenzi wa kasri la Jarnowiec. Daktari wa polisi alisema kapigwa kisogoni kwa kitu kizito, yapata saa mbili asubuhi. Ilikuwa Jumatatu, siku ambayo kasri hufungwa na sakafu hupakwa nta, kwa hiyo wageni hawakuwamo. Milango yote ya nje ilikutwa imefungwa kwa ndani.

Kilichomtia Bogna hofu si maiti. Maiti imeshamaliza yake. Ni koti. Koti la Halina Rudzka, mwongoza wageni, lilikuwa bado linaning'inia mlangoni, na mwenyewe haonekani tangu asubuhi. Nje kulikuwa na baridi ya kugandisha mate mdomoni. Hakuna mtu mwenye akili zake angetoka bila koti. Basi binti wa watu yumo humu humu ndani, na muuaji yumo humu humu ndani.

"Vijana wamepita vyumba vyote mia na arobaini," Sajini Mazgaj alisema. "Hayupo."

"Wapite tena. Uwaongoze mwenyewe."

Sajini akapanda ghorofani akinung'unika. Alikuwa na kisirani tangu mlangoni, pale mtunza sakafu, Mzee Zenon Pustelnik, alipowazuia polisi wote mpaka wavae sapatu za sufu juu ya viatu, kama mgeni yeyote. Mazgaj alimwambia hapa kuna mauaji, hakuna maonyesho. Mzee hata hakumtazama. Alipiga magoti akamfunga Bogna kamba kwa mikono yake, fundo mara mbili, upande wa nje wa mguu. Ndiye aliyeikuta maiti, ndiye aliyepiga simu.

"Saa mbili ulikuwa wapi, mzee?"

"Stoo. Nayeyusha nta."

"Uligombana na marehemu?"

"Nani hakugombana naye, Inspekta? Hata paka wa getini alikuwa akimwona anatimua mbio."

Bogna nusura acheke. Alichuchumaa akaikagua maiti mara ya mwisho, kuanzia kichwani hadi kwenye sapatu, kisha akauliza kama kuna mahali polisi hawajapita. Mzee akafikiri kidogo. Akasema zipo njia za watumishi, nyuma ya kuta. Zamani walipita humo kutia kuni kwenye majiko ya kupashia vyumba joto, wafalme wasione masizi.

Akabonyeza ukuta uliofunikwa hariri. Ukafunguka.

Ndani kulikuwa giza na baridi ya kaburi. Mzee alitangulia na tochi na shada la funguo. Bogna akafuata, mabega yakikwaruza kuta. Walitembea wawili, lakini hapakusikika hatua hata moja. Sapatu zilimeza kila kitu. Hapo ndipo nywele zilipomsimama.

Sapatu zake mwenyewe zilikuwa zimeshaloa nta, zinanata kila akiinua mguu. Za Tarło, aliyelala katikati ya ukumbi ule ule, soli zake zilikuwa nyeupe pe. Hakutembea nazo hata hatua moja. Na kamba zake zilikuwa na fundo mara mbili, upande wa nje.

Mungu wangu. Mkono wa Bogna ukatafuta bastola, ukaikosa, ukaitafuta tena.

"Mzee Zenon. Simama."

Mwanga wa tochi ukasimama.

"Ulimvisha sapatu akiwa ameshakufa."

Mzee alijibu kwa sauti ya mtu anayeeleza kazi yake.

"Aliingia na mabuti. Yana theluji, yana chumvi. Nikamwomba avae. Akacheka, akasema zoea, mwezi ujao mbao zote zinang'olewa, tunaweka mpya za kuchezea dansi. Wakati wa vita baba yangu alizing'oa hizo mbao moja moja, akazitia namba, akazifukia msituni. Askari wa adui walimpiga risasi, na hakusema ziko wapi. Nikampiga kwa brashi ya chuma ya kung'arishia. Sikuweza kumwacha na yale mabuti wazi juu ya mbao hizo."

"Halina yuko wapi?"

"Aliona."

"Yuko wapi? Na mimi ulikuwa unanipeleka wapi?"

Mzee akashusha tochi. Bogna akaelewa kuwa ni huko huko. Akaita jina la Halina kwa nguvu zake zote. Nyuma ya mlango mdogo wa chuma, hatua tatu mbele, kitu kiligonga. Kikagonga tena.

Sajini na vijana wake walikuja mbio, wakamfunga mzee pingu, wakamtoa Halina akiwa hai, midomo ya bluu, ngumi zimechubuka. Wauguzi walipita ukumbini mbio na mabuti yao. Mzee Zenon, ambaye hakumlilia mtu hata mmoja siku ile, alipoona alama zao sakafuni alikaa chini na pingu zake akalia kwa kwikwi.

Juu ya machela Halina alimng'ang'ania Bogna mkono.

"Nilikuwa nasikiliza kama anarudi," alinong'ona. "Zile sapatu hazisikiki. Kila dakika nilijua kasimama mlangoni."

Bogna aliinama kufungua fundo la sapatu zake. Likagoma. Akalikata kwa kisu, akazitupa sapatu kando, akatembea na machela hadi nje, akikanyaga kwa kishindo ili binti asikie kila hatua.