Nenosiri la Hasira

Kila alasiri alipotoka shule, kazi ya kwanza ya Sindano ilikuwa kufagia vipande vya uzi chini ya cherehani ya mama yake. Ya pili ilikuwa kuokota pini sakafuni kwa sumaku, maana kaka yake alikuwa na tabia ya kukatiza peku katika chumba hicho cha mbele, ambacho mama alikifanya duka la ushonaji. Zamani aliziokota zote. Wiki mbili hizi alikuwa akiacha moja karibu na kiti cha kaka, kisha akajuta na kurudi kuiokota, kisha akajutia kuiokota.

Jina la Sindano alipewa na wateja, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na hakuwa mtu wa kusahau.

Kosa la kaka lilikuwa hili. Sindano alikuwa akijiandaa kwa mashindano ya kughani mashairi shuleni, akajirekodi kwenye simu ya mama, simu pekee ya nyumba ile. Ilifunguliwa kwa mchoro wa mistari miwili ambao hata wateja waliujua. Katika rekodi ile alikosea, akakwama, akasema, "Ngoja, naanza tena," mara saba, na mwisho akalia. Kaka, aliyemaliza sekondari na aliyekuwa nyumbani akisubiri matokeo, aliisikiliza, akacheka mpaka mbavu zikamuuma, akawatumia wenzake wa timu ya mpira. Wenzake hao wana wadogo zao shuleni. Siku iliyofuata Sindano alipoinuka kujibu swali la hesabu, darasa zima likapaza sauti, "Ngoja, naanza tena!"

Alijitoa kwenye mashindano siku hiyohiyo. Na kaka alipoulizwa alijibu nini? "Ah, utani tu! Mbona una hasira za karibu hivyo?" Hakuomba hata radhi.

Mama hakuambiwa. Sindano hakutaka kaka akemewe dakika mbili halafu yaishe. Alitaka aumie kama alivyoumia yeye.

Nafasi ikaja Jumapili. Simu ya zamani ilikuwa imekufa, na mama akarudi nyumbani na mpya. Hakuwa ameshona siku hiyo, mikono imeoshwa na kupakwa mafuta.

"Haya, mwanangu," alimwambia Sindano, "wewe ndiye mjuzi. Iwekee ufunguo mzuri. Vipimo vya sare za wauguzi thelathini na wawili navitia humu, sitaki tena vikaratasi vya kupeperuka."

"Weka mchoro," kaka alisema kutoka mlangoni. "Rahisi."

"Rahisi kwa nani?" Sindano aliuliza bila kumtazama.

Simu ilimpangia njia zake, naye akazipima moja moja, kila moja akimfikiria adui yake. Mchoro? Kaka angeuona kwa alama za vidole kwenye kioo. Namba ya siri? Angejaribu mwaka wa kuzaliwa wa mama, kisha wa baba, kisha wa shangazi, hachoki yule. Uso? Hapo Sindano alikaribia kucheka, maana kaka na mama walifanana mno. Huenda simu yenyewe ingechanganyikiwa. Akachagua alama ya kidole. Kidole cha mama, kisha cha kwake, basi.

Simu ikadai pia nenosiri la akiba, la kutumika kidole kikikataa. Sindano aliinua macho. Kaka alikuwa ameegemea ukuta, akidundadunda mpira kwa mguu wake wa kulia, mguu uliompa sifa mtaa mzima. Sindano akaandika bila kuacha nafasi: kakaavunjikemguu. Akaandika mara ya pili kuthibitisha. Roho yake ikasuuzika.

"Na mimi je?" kaka aliuliza. "Kocha hunitumia ujumbe humo."

"Ukija ujumbe tutakuambia."

Jumanne alfajiri ujumbe ulikuja kweli. Kocha alisema uteuzi wa timu umesogezwa kutoka jioni hadi asubuhi. Sindano aliusoma akiwa amevaa sare ya shule, akaifunga simu, akaiweka juu ya meza ya kukatia nguo. Jioni kaka alirudi kutoka uwanjani kichwa chini, akakaa kwenye ngazi akifungua kamba za viatu polepole.

"Wameshachagua," alisema. "Eti ilikuwa asubuhi."

"Pole," Sindano alisema, na usiku huo alilala fofofo.

Alhamisi, katikati ya kipindi cha sayansi, mwalimu wa darasa alimwita ofisini. Mama alikuwa amepiga simu kwa namba iliyoandikwa kwenye ripoti ya muhula. Simu ya ofisi ile iliharibika zamani sehemu ya kusikilizia, hivyo ilitumiwa kwa spika, na kila aliyeongea alisikika chumba kizima.

"Sindano! Mwanangu, simu imekataa kufunguka!" Sauti ya mama ilikuwa juu. "Tangu asubuhi nakata kitambaa na kupiga pasi, vidole vimejaa chaki. Nimeosha, nimefuta, wapi! Imenikataa kabisa. Sasa inataka nenosiri. Mimi sikupewa nenosiri lolote."

Sindano alikumbuka. Jumatatu mama alisugua kidole kwenye kanga mara tatu ndipo simu ikafunguka. Jumatano ilimshinda, akamwomba Sindano aweke chake. Vidole vya mama vilikuwa vimelika kwa miaka ya sindano na pasi ya moto, na chaki ndiyo iliyomalizia. Sindano aliyaona yote hayo akanyamaza, kwa sababu ufunguo ule ulimfaa yeye.

"Unatumia simu ya nani, mama?"

"Ya Matroni wa hospitali. Yuko hapa, amekuja na majora ya kitambaa. Hanikabidhi mpaka tupitie vipimo vyote jina kwa jina, na vyote viko humo ndani. Lete hilo nenosiri."

Mwalimu alikuwa akisahihisha madaftari huku masikio yakiwa wazi. Walimu wengine wawili walikuwa wakinywa chai.

"Nimesahau," Sindano alisema.

"Umesahau? Umeliweka Jumapili!"

Nyuma ya mama, sauti nyingine, nzito na yenye haraka, ilisikika. "Fundi, mimi nina zamu saa sita. Kama mambo ndiyo haya, niache nimpelekee yule mwenzako wa barabara ya pili. Si ugomvi."

"Dakika moja, Matroni, nakuomba." Sauti ya mama ilishuka, ikawa ya kubembeleza, na Sindano hakuwahi kumsikia mama akibembeleza mtu. "Nimewapima wote mwenyewe, nimekwenda wodi kwa wodi."

Sindano alitaka kumwona kaka akiaibika, na sasa aliyeaibika alikuwa mama, mbele ya mteja, kwa mikono yenye chaki.

"Nimelikumbuka," alisema. "Mama, andika."

"Kaka yako ndiye ameshika simu yetu, na hii naiweka spika. Mtamkie yeye."

Sindano alifumba macho. Hapakuwa na njia ya kulisema likawa kitu kingine.

"Kaka avunjike mguu," alisema.

Kalamu ya mwalimu ilisimama. Kikombe cha chai kiliwekwa mezani.

Kisha kaka akauliza, taratibu, "Yote yameungana?"

"Ndiyo."

"Herufi ndogo tupu?"

"Ndiyo."

Ikasikika migongano midogo ya kidole kwenye kioo. "Imefunguka," kaka alisema. "Mama, hii hapa." Kisha simu ikakatwa.

Alasiri Sindano alirudi nyumbani kwa miguu mizito. Majora ya kitambaa cheupe yalikuwa yamepangwa dukani, kazi imebaki ya mama. Lakini cherehani ilikuwa kimya, na mama alikuwa amewawekea viti viwili.

"Kaa," alisema. "Nataka kusikia, mwanzo hadi mwisho."

Sindano alieleza yote: rekodi, darasa, mashindano, ujumbe wa kocha aliouficha. Alipofika kwenye ujumbe, kaka aliruka kitini.

"Kumbe uliuona? Wewe ndiye uliyeniua!"

"Na wewe uliniua kwanza!" Sindano alifoka. "Nilikuambia nimeumia ukasema utani!"

Kaka alikaa tena. Akasema, akitazama sakafu, "Haukuwa utani. Nilisikia unalia, nikatuma hivyohivyo. Nisamehe."

"Sijakusamehe bado."

"Najua."

Mama alimpa Sindano simu. "Badilisha ufunguo. Sasa hivi, tukikuona."

Sindano alibonyeza. Kabla ya kukubali kubadilisha, simu ikataka kwanza nenosiri la zamani. Alimtazama mama, na mama hakumwondolea macho. Basi akaandika, herufi baada ya herufi, kaka akiwa ameketi ubavuni pake, magoti yao yakikaribia kugusana. Alipofika kwenye herufi za mwisho kioo kilikuwa kimelowa machozi, ikambidi akifute kwa kiwiko ndipo amalize.

"Weka namba ya siri," mama alisema. "Tarakimu sita, zisizo mwaka wa kuzaliwa wa mtu. Chaki haizuii namba."

Kaka aliinuka akageukia ukuta ili asione.

Sindano alisita. "Geuka," alisema mwishowe. "Uione na wewe. Lakini ukigusa rekodi yangu tena, utanitambua!"

"Nimekusikia."

Mama aliwatazama wote wawili. "Kesho asubuhi wewe, kaka mtu, unakwenda shuleni, unasimama mbele ya lile darasa na kusema ulichokifanya. Na wewe, binti, jioni unakwenda kwa kocha kusema ulichokificha. Akimrudisha, sawa. Asipomrudisha, utajua uzito wa ulichofanya."

Kisha akamshika Sindano mkono, vidole vyake vikavu vikikwaruza kidogo. "Ulidhulumiwa, na hasira yako nimeielewa. Ungeniletea mimi, tungeishughulikia siku hiyohiyo. Wewe ukaipa ufunguo wa nyumba. Ufunguo tunauweka kuzuia mwizi na kulinda kazi yetu, kwa hiyo unachaguliwa kwa akili iliyotulia, na kila anayeuhitaji anaujua. Ulipouweka ili kumkomoa kaka yako, wa kwanza kufungiwa nje nilikuwa mimi."

Akauachia mkono wake, akavuta kiti hadi kwenye cherehani. "Haya, nisomee vipimo vya muuguzi wa kwanza."

Sindano akaandika tarakimu sita, simu ikafunguka, akaanza kusoma.